Kutoka Mnara wa Hillbrow Hadi Ufukwe wa Gombe

Katika toleo hili nimeombwa nieleze safari yetu ya mapumziko ya Julai, kwa sababu wengi wameniuliza: hivi Gombe unafikaje, unatembea wapi, na kweli ni wewe uliyerudishwa njiani? Ndiyo, ni mimi. Nitaeleza yote.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa mambo. Sisi tunaokaa Hillbrow tumezoea kuuona ule mnara kila asubuhi. Una mita 269, na ukiusimamia chini shingo inauma. Sasa chukua minara mitano ya namna hiyo, ipange mmoja juu ya mwingine, uizamishe katika Ziwa Tanganyika pale penye kina kirefu. Yote itapotea, na maji yatabaki juu yake, maana kina kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Urefu wake ni kama kilomita 673, na nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Ziwa limekuwa hivyo kwa sababu liko ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia katikati, kingo zikabaki juu. Ndiyo maana sehemu nyingi za pwani yake hazina uwanda: ni ufukwe mwembamba, halafu papo hapo mlima. Mito inayotoka juu haina nafasi ya kutambaa taratibu, inaruka tu. Kule kusini, mpakani mwa Tanzania na Zambia, Mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Yaani karibu ulingane na mnara wetu!

Gombe yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba zinazozidi 50 kidogo, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, mwaka uleule ambao mnara wa Hillbrow ulianza kujengwa. Barabara ya gari haifiki. Unakwenda Kibirizi, nje kidogo ya mji, unapanda boti la abiria pamoja na akina mama wenye magunia na vijana wenye madumu, na kwa saa kama tatu hivi unasogea kandokando ya nchi kavu. Ukiwa na hela unakodi boti lako. Ushauri wangu: vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji wanakucheka. Ziwa likichafuka halina utani.

Kituo cha wageni kipo Kasekela. Kutoka pale kuna njia mbili kuu. Moja inapanda msituni kufuata bonde la Kakombe hadi kwenye maporomoko. Niliwahi kuyaona nikiwa sekondari: maji yanashuka kwenye genge kama mita 25, upepo wa baridi unakupiga usoni, na kelele inakufanya uongee kwa ishara. Watafiti wameona sokwe madume wakifika pale wakaanza kuyumba, kurusha mawe na kuning'inia kwenye mizabibu, kana kwamba nao yanawashtua. Njia ya pili ni ufukwe wenyewe, kuelekea kaskazini upande wa Mitumba.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwaka mzima nilibana matumizi. Nilitembea kwa miguu kutoka Hillbrow hadi Braamfontein ili niokoe nauli ya teksi, chai nikanywa bila maziwa. Tulikuwa watatu, mimi na rafiki zangu wawili, mmoja Mzambia na mmoja Mkongo. Wiki ya kuondoka, baridi ya Johannesburg ikanipiga, nikapata mafua. Nilipofika nyumbani Kigoma mama akaniambia, "Mwanangu, hicho kifua subiri kipone." Nikamjibu, "Ni vumbi tu, mama." Nikanunua peremende za kifua nikaficha mfukoni.

Asubuhi, kabla ya kuingia msituni, mzee aliyekuwa atuongoze akauliza kama kuna anayeumwa. Nikanyamaza. Tukapiga hatua kama ishirini hivi, kikohozi kikaniumbua. Mzee akasimama. Hakufoka. Akasema, "Kijana, wewe ni wa hapahapa Kigoma. Ukiwaulia hawa, utawaonesha nini wanao?"

Niliinamisha kichwa. Nieleze kwa nini alisema vile. Sokwe ni ndugu zetu wa karibu sana kimwili, kwa hiyo magonjwa yetu yanawaingia bila hodi, ila wao hawana zahanati. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwapiga Gombe, wengine wakafa, wengine wakalemaa. Baadaye magonjwa ya kifua yamewapitia zaidi ya mara moja. Na wako kama mia moja tu hivi. Mafua ambayo mimi nayamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumwua mama sokwe, na mtoto wake naye asipone. Ndiyo sababu ya zile sheria za kuvaa barakoa na kukaa mbali nao. Si urasimu.

Wenzangu wakapanda. Mimi nikatembea ufukweni na mhifadhi mwingine. Bwana, niliondoka nimenuna, nikarudi nimenyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Maji yalikuwa maangavu hata samaki wadogo wa rangirangi wanaonekana kati ya mawe. Penye mchanga unatembea vizuri. Penye miamba unavua viatu unapita ndani ya maji. Nyani walikuwa wameketi kokoto­ni kama wazee barazani, usiwaoneshe chakula! Jioni taa za wavuvi wa dagaa zikawaka ziwani, nyingi, nikakumbuka madirisha ya Hillbrow usiku.

Jina Witwatersrand maana yake ni ukingo wa maji meupe. Hillbrow iko juu ya ukingo huo. Mvua ikinyesha upande wa kusini inaingia Vaal, kisha Orange, hadi Atlantiki. Maji ya Tanganyika nayo hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Kongo, yakafika bahari hiyohiyo. Kwa hiyo hatuko mbali sana na nyumbani.

Mkitaka kwenda: miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia haziterezi. Beba viatu vyenye meno, kofia na barakoa. Ulizeni viingilio mapema, Waafrika Mashariki hulipa nafuu. Na mkiwa na mafua, semeni. Ufukwe upo, na unatosha.

Wenzangu waliwaona sokwe saba. Mimi nitarudi nikiwa mzima. Kila la heri katika masomo.