Nyumba ya Kiasi Gani? Hesabu ya Mnunuzi wa Upare

Kiasi ambacho mtu anaweza kutumia kununua nyumba hakionekani kwenye bei ya nyumba. Kinaonekana kwenye kipato chake cha mwezi mbaya kuliko yote ya mwaka. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, na bei huja mwisho. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: nyumba inaonekana, dalali anataja bei, moyo unaridhia, ndipo fedha zinapoanza kutafutwa. Kwa mtindo huo hesabu yoyote itakubali, kwa sababu uamuzi umeshafanyika.

Upareni jambo hili lina sura yake. Kata ya Kighare iko Usangi, kwenye milima ya Upare Kaskazini, wilayani Mwanga. Huko ardhi nyingi ni ya ukoo: inarithiwa, inagawanywa baina ya ndugu, na nyumba huinuka humo kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Nyumba iliyokamilika kuuzwa kwa mtu wa nje ni nadra. Soko lenyewe liko chini, katika miji iliyopitiwa na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, kama Same, Mwanga na Hedaru. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka kutoka Kighare akisema ananunua nyumba, mara nyingi ananunua huko tambarare, huku mlimani bado ana wazazi, migomba na majukumu. Kaya moja inabeba nyumba mbili, na nyumba ya pili haiandikwi kwenye fomu ya benki.

Kipato cha kaya kama hiyo kinapanda na kushuka. Mshahara unaingia kila mwezi, lakini duka huchangamka mavuno yanapotoka na kulala kiangazi. Kahawa na tangawizi hulipwa kwa msimu, na fedha zinazotumwa na watoto walioko Dar es Salaam hazina ratiba. Masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, yakichelewa, na malipo ya watu huchelewa. Januari nayo ina yake: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za umma mwaka 2016, lakini sare, madaftari na nauli vimebaki palepale. Wastani wa mwaka huifunika miezi hii, ilhali rejesho hudaiwa mwezi hadi mwezi.

Chukua mfano wa kaya yenye mshahara wa shilingi 900,000 baada ya makato ya kodi na hifadhi ya jamii, pamoja na duka linaloleta faida ya 600,000 mwezi mzuri na 250,000 mwezi mbaya. Kipato cha kufanyia hesabu ni 1,150,000, si 1,500,000. Chakula, umeme, nauli, shule na matibabu vichukue 600,000. Fedha za wazazi mlimani, pamoja na michango ya harusi na misiba, zichukue 100,000. Fungu hili ndilo linalosahaulika kwenye karatasi, na ndilo lisilokwepeka. Anayepanga kutochangia msiba kwa miaka kumi anajidanganya. Akiba ya dharura nayo itengewe 100,000. Zinabaki 350,000, na huo ndio mwisho wa rejesho ambalo kaya hii inalimudu. Kodi ya pango inayolipwa sasa haimo humo, kwa kuwa itakoma siku ya kuhamia. Ikiwa nyumba inahitaji miezi sita ya ukarabati kabla ya kuhamia, basi pango la miezi hiyo sita lazima liingie kwenye gharama ya kununua.

Mtumishi wa umma ana mpaka mwingine uliowekwa na sheria: makato yote kwa pamoja hayapaswi kumwachia chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Wengi huuchukua mpaka huo kama ushauri wa kitaalamu, wakakopa mpaka waugonge. Theluthi hiyo iliwekwa ili mtu asibaki mikono mitupu mwisho wa mwezi. Haisemi lolote kuhusu nyumba anayoimudu. Vivyo hivyo afisa mikopo anaposema mteja anakopesheka hadi kiasi fulani, anazungumzia uwezekano wa benki kurudishiwa fedha zake. Kama mteja huyo atakuwa na nauli ya kupanda Usangi kwenye msiba, hilo halimo kwenye fomu.

Rejesho likishajulikana, ndipo mkopo unapopimwa, na hapa muda una hila zake. Riba ya mikopo ya nyumba nchini kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 17, rejesho la 350,000 kwa miaka 10 linabeba mkopo wa takriban milioni 20.1. Likirefushwa hadi miaka 15, linabeba milioni 22.7. Miaka mitano ya ziada imeongeza milioni 2.6 tu kwenye mkopo, lakini jumla ya marejesho imeruka kutoka milioni 42 hadi milioni 63. Sababu iko kwenye mwezi wa kwanza kabisa: katika mkopo wa miaka 15, kiasi cha 322,000 kati ya zile 350,000 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 28,000, pungufu ya bei ya mifuko miwili ya saruji. Riba ikiwa kubwa namna hii, kurefusha muda kunamnenepesha mkopeshaji na hakumpi mnunuzi nyumba kubwa zaidi.

Mikopo mirefu ya nyumba yenyewe si ya zamani Tanzania. Ilipata nguvu baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kuanzishwa, mwaka 2010, kwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu. Lakini mikopo hiyo inadai hati, na katika miji midogo nyumba nyingi hazina. Kwa hiyo mnunuzi wa Same mara nyingi huishia kwenye mkopo wa mshahara au wa SACCOS, ambao muda wake ni mfupi. Kwa riba ileile na rejesho lilelile la 350,000, mkopo wa miaka 6 ni milioni 15.7. Anayejua atakopa wapi ndiye anayejua atanunua nyumba ya kiasi gani. Kuanza kutembelea nyumba kabla ya hapo ni kujitafutia maumivu.

Tuseme kaya ile imepata mkopo wa milioni 20 kwa miaka 10, na ina akiba ya milioni 15. Milioni 3 zisiguswe: ndizo za ugonjwa, na ndizo za kulipia rejesho la miezi kadhaa duka likifungwa. Zilizobaki ni milioni 12, na jumla inakuwa milioni 32. Hiyo bado si bei ya nyumba. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, mthamini, upekuzi wa hati na usajili wa uhamisho katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa iliyoko Moshi, na dalali naye ana chake. Kwa nyumba ya kiasi hiki, milioni 1.5 si fungu la kupita kiasi. Matengenezo na tangi la maji yakitengewa milioni 4, bei ya kukubaliana na muuzaji inafika milioni 26.5.

Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, ni ya muuzaji. Hata hivyo wauzaji wengi hutaja bei ya mkononi, maana yake kodi haiwahusu. Uhamisho wa hati haukamiliki bila kodi hiyo kushughulikiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zote ndiye anayebaki na shida. Mkataba useme waziwazi nani analipa, na ni vyema sehemu ya bei izuiwe mpaka ilipwe.

Fungu la matengenezo hutegemea mahali. Mji wa Same uko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare, na maji ndiyo gharama inayowashtua wageni. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa zaidi ya miaka kumi. Bomba kufika mjini si sawa na bomba kufika uani, kwa hiyo mnunuzi huuliza mita iko wapi, maji hutoka siku zipi, na majirani wana simtanki za lita ngapi. Jirani mwenye simtanki tatu ameshajibu swali lenyewe. Mchwa nao waangaliwe kwenye fremu za milango na mbao za paa.

Mlimani hofu ni nyingine. Maji yapo na hewa ni nzuri, lakini kila mfuko wa saruji na kila tripu ya mchanga hupandishwa kwa gari kwenye kona kali, na nauli yake huingia kwenye kila tofali. Mteremko nao ni gharama: kuta za kuzuia udongo na mitaro ya kuongoza maji vinaweza kumeza fedha za chumba kizima. Novemba 2009, mvua kubwa iliporomosha udongo kijijini Goha, Mamba Miamba, upande wa Upare Kusini, ikaua watu zaidi ya 20. Nyumba iliyokaa chini ya mteremko uliovuliwa miti haina bei nafuu.

Karatasi za umiliki nazo hubadilisha kiasi. Kwenye kiwanja kilichopimwa, hati hutolewa kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na miaka iliyobaki ni sehemu ya kinachonunuliwa. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na hutolewa hatimiliki ya kimila. Mtu wa nje haipati bila kibali cha halmashauri ya kijiji, na benki nyingi husita kuipokea kama dhamana. Penye karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa mtaa tu, gharama ya upimaji na ya kufuatilia hati hutolewa kwenye bei. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Kwa mali ya urithi, ndugu wote waafiki kwa maandishi. Kesi ya shangazi aliyekuwa Tanga siku ya mauzo humeza fedha kuliko paa jipya.

Kuna pia pagale: kuta zimesimama, lenta imefungwa, mwenyewe ameishiwa. Bei yake huvutia, na Same yako mengi. Kosa la kawaida ni kuhesabu paa na kusahau yanayofuata: plasta, dari, milango, grili, nyaya za umeme, karo la choo, sakafu. Fundi atembee nalo kabla ya bei kuzungumzwa, na makadirio yake yaongezewe robo. Pagale lisilozidi ukomo ni lile ambalo bei yake pamoja na makadirio hayo, robo yake na gharama za uhamisho inakaa ndani ya zile milioni 32.

Gharama za kila mwaka ni ndogo zaidi. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Kuna pango la ardhi kwa mwenye hati, kisha rangi, mabati na mabomba, ambavyo havina tarehe.

Muuzaji akishikilia milioni 30 badala ya 26.5, tofauti ya milioni 3.5 ikikopwa kwa miaka 10 kwa riba ileile ni takriban 61,000 kila mwezi. Fedha hizo zitatoka kwenye akiba ya dharura, kwenye fungu la wazazi, au kwenye mtaji wa duka. Mnunuzi ataje fungu lenyewe kabla ya kusaini, na kama hakuna, aombe kulipa tofauti hiyo kwa awamu baada ya mavuno, kwa mkataba wa wakili, au aiache nyumba.