Mnara unapokutafuta nyumbani

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini intaneti huzorota saa mbili usiku, mtaa mzima ukisharejea nyumbani? Antena za kawaida humwaga mawimbi kotekote, mithili ya mwanga wa koroboi, hata pasipo mtu.

Mitambo ya 5G, huduma ambayo Safaricom iliizindua kwa wateja mwaka wa 2022, huweza kuyaelekeza kama kurunzi. Mtambo mmoja huweza kuwa na antena ndogo 64 au zaidi. Hakuna inayozungushwa! Kila antena hucheleweshwa kidogo mno, ili mawimbi yote yamfikie mteja kwa mpigo mmoja na kuongezeana nguvu. Kwingineko hugongana yakafifia. Mjerumani Ferdinand Braun alijaribu jambo hili mwaka wa 1905 kwa antena tatu tu.

Kazi ngumu ni ya programu. Hiyo ndiyo hutambua simu iko upande gani na kugawa zamu mara nyingi kwa sekunde, huku nyingine ikiwaonyesha mafundi mnara uliolemewa. Hata hivyo, kebo inayotoka mnarani ikiwa nyembamba, antena hizo zote hazitamfaa mwanafunzi anayengoja somo lake lifunguke.