Manowari zilizopita Lubumbashi kwa reli

LUBUMBASHI – Mji huu uko mbali na bahari, lakini mwishoni mwa Julai 1915 treni iliyotoka Cape Town ilipita hapa ikiwa na boti mbili za kivita za Uingereza. Mji uliitwa Elisabethville, na reli kutoka kusini ilikuwa imeufikia miaka mitano tu kabla.

Boti hizo, Mimi na Toutou, kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alitumwa kuzipeleka Ziwa Tanganyika, lililotawaliwa na meli za Wajerumani tangu zilipoiharibu Alexandre Delcommune ya Wabelgiji mwaka 1914. Wabelgiji walikuwa na meli nyingine kubwa, Baron Dhanis, lakini ilikuwa bado vipande. Hawakuthubutu kuiunganisha ufukweni wakihofia kushambuliwa.

Wajerumani nao walitegemea vipande. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika makasha 5,000 hivi na kuunganishwa upya Kigoma. Mzinga wake wa milimita 105 ulitoka katika manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Mitambo ya Königsberg ilipoharibika mwaka 1914, sehemu zake zilipelekwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa. Manowari hiyo ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10.

Kutoka Lubumbashi, boti za Waingereza zilifika Fungurume, ambako safari ya reli iliishia. Hapo zilivutwa na matrekta ya mvuke pamoja na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200. Matrekta hayo hayakuweza kwenda bila kuni na maji, na wanavijiji ndio waliobeba maji hayo, wengi wao wanawake. Baada ya milima zilipanda reli hadi Bukama, zikafuata mto Lualaba hadi Kabalo, kisha reli tena hadi eneo la Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ambayo Waingereza waliitengeneza, wakaiwekea mzinga na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

Götzen ilinyang'anywa mzinga wake kwa ajili ya vita vya nchi kavu, ikabaki na wa bandia wa mbao. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka injini grisi. Uangalifu huo ulisaidia: iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo ziwani kwa miongo mingi.

Leo Fungurume inajulikana kwa shaba na kobalti. Majina ya makamanda wa 1915 yamo vitabuni. Ya waliobeba maji ya matrekta hayakuandikwa, ingawa bila wao boti zile zisingefika ziwani.