Mashine ya Mazoezi Nyumbani: Mzigo Unatoka Wapi?

Mwaka 1996, JAMA, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, lilichapisha matokeo ya jaribio dogo kuhusu swali ambalo kila anayetaka kununua mashine ya mazoezi hujiuliza. Vijana 13 wenye afya njema, wanaume 8 na wanawake 5, walipandishwa kwa zamu kwenye mashine za aina 6, zikiwemo ya kukimbilia, ya kupiga makasia, ya kupanda ngazi na baiskeli ya mazoezi. Hawakupangiwa kasi. Walitakiwa wajitume kwa kiwango kilekile cha uchovu wanaouhisi, na watafiti wakapima oksijeni waliyoitumia. Mashine ya kukimbilia ikaibuka kidedea: kwa uchovu uleule, iliunguza kalori nyingi kuliko zote. Baiskeli ikabaki nyuma sana.

Anayeishia hapo atakimbilia dukani kununua mashine ya kukimbilia. Asiharakishe. Moyo haujui mwenye nao amepanda nini; unachojua ni kiasi cha damu ambacho misuli inadai. Kinachozitofautisha mashine hizi ni mahali unakotoka mzigo unaoitaabisha misuli. Hapo ndipo panapoamuliwa magoti yatavumilia kiasi gani, umeme utaliwa kiasi gani, jirani wa ghorofa ya chini atalala au atagonga dari, na fundi ataitwa mara ngapi.

Kwenye mashine ya kukimbilia mzigo ni mwili wenyewe. Katika mbio, kila mguu unapotua hupokea kishindo cha mara 2 hadi 3 ya uzito wa mkimbiaji. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni sawa na kilo 160 hadi 240. Mwili mzima unabebwa na misuli mingi inafanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo oksijeni inatumika kwa wingi. Kwa sababu hiyohiyo, magoti yenye matatizo hulalamika mapema. Vipande vya mpira vinavyowekwa chini ya ubao hupunguza kishindo, lakini havikimalizi.

Dawa ipo, nayo ni mlima. Kwa kanuni ya makadirio ya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, anayetembea kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare hutumia takriban mililita 12 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Mashine ikiinuliwa hadi mwinuko wa asilimia 10, kwa mwendo uleule, hesabu inafika mililita 27. Ni zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyekimbia. Daktari Robert Bruce wa Seattle aliutumia ujanja huo alipobuni kipimo cha moyo ambacho hospitali nyingi zinakitumia mpaka leo: hatua yake ya kwanza ni mwendo wa pole wa kilomita 2.7 kwa saa, ila kwenye mwinuko wa asilimia 10. Basi anayelinganisha mashine mbili za bei moja, moja ikijisifia kasi na nyingine ikiinuka vizuri, achukue inayoinuka. Na akishaipanda asining'inie kwenye vishikio, maana uzito unaobebwa na mikono umeondolewa miguuni, na hesabu yote inaharibika.

Kuhusu umeme, hofu ya wengi ni bili, na kwa kawaida hofu hiyo ni kubwa kuliko bili yenyewe. Mashine inayovuta wastani wa wati 700 kwa nusu saa hula uniti 0.35, kwa mazoezi 20 kwa mwezi ni uniti 7. Hatari kubwa zaidi iko kwenye volti. Mashine zinazokuja kwenye makontena kutoka Marekani nyingi zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, kote hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, bodi yake inaungua. Anayeletewa zawadi ya namna hiyo na ndugu aliye ughaibuni asome kwanza kibandiko karibu na mahali pa kuingizia waya, kisha ahesabu bei ya transfoma yenye uwezo wa kutosha kabla ya kufurahi.

Ugonjwa mwingine wa mashine hii umejificha chini ya mkanda. Kati ya mkanda na ubao pana utando mwembamba wa mafuta ya silikoni. Yakikauka, msuguano unaongezeka, mota inavuta umeme mwingi zaidi, bodi inapata joto, na siku moja inazimika moja kwa moja. Kuikagua ni kazi ya dakika moja: chomoa plagi, inua ukingo wa mkanda katikati ya mashine, pitisha vidole chini yake. Vikitoka na utelezi, hali ni nzuri. Vikitoka vikavu na vumbi jeusi, mafuta yamekwisha. Mafuta ya kupikia na ya gari hayafai, kwa kuwa yanaweza kuuharibu mkanda.

Baiskeli ni habari nyingine kabisa. Katika nyingi za kisasa, mzigo unatoka kwenye sumaku. Gurudumu zito la chuma linazunguka karibu na sumaku bila kuzigusa; sumaku zinazalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya chuma hicho, na mikondo hiyo inaupinga mzunguko, mithili ya maji yanavyoukatalia mkono unaoburuzwa ndani yake. Kwa kuwa hakuna kinachosuguana hapo, hakuna kinacholika wala kelele. Za bei ya chini hutumia pedi inayobana gurudumu kama breki, na pedi hizo huisha.

Mwendeshaji amekaa, uzito wake umebebwa na kiti. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya baiskeli kushindwa katika jaribio la 1996: mapaja huchoka kabla moyo haujafika mbali. Lakini kwa mwenye maumivu ya magoti, mwenye uzito mkubwa au mkazi wa ghorofani, udhaifu huo unageuka kuwa faida. Kiti kipimwe: kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kikiwa chini mno, goti linabanwa kila mzunguko.

Mashine ya kupiga makasia, ile iliyoenea zaidi, inapata mzigo wake kwenye hewa. Ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia katika jimbo la Vermont, waliitoa ya kwanza ya kampuni yao ya Concept2 mwaka 1981 wakitumia gurudumu la baiskeli. Anayevuta huzungusha feni, na feni hupambana na hewa. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inapanda mara 8. Kwa fomula ya kampuni hiyo, kumaliza mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 30 kunahitaji wati 104 hivi. Kuzimaliza kwa dakika 2 kamili ni wati 203. Sekunde 30 tu, na kazi imekaribia kuwa mara mbili.

Faida yake ni kwamba mashine haina haja ya kupangiwa ugumu: mgonjwa anayeanza kupata nafuu na mwanajeshi wanaitumia hiyohiyo, kila mmoja akivuta kwa nguvu zake. Haihitaji umeme wa ukutani. Hata hivyo inataka nafasi ya karibu mita 2.5, ina mvumo, na inamtaka mtu asukume kwa miguu kwanza badala ya kuvuta kwa mgongo uliopinda.

Eliptiki, mashine ambayo nyayo hazibanduki kwenye kanyagio, huepusha kishindo na humfanya mtu asimame wima. Tatizo lake ni kwamba urefu wa hatua umepangwa kiwandani, na katika nyingi haubadiliki. Mrefu na mfupi hawataifurahia sawa, kwa hiyo isinunuliwe kwa picha.

Iwe ipi, kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji: feni. Katika kuendesha baiskeli, mwili hugeuza kati ya asilimia 20 na 25 ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki ni joto. Barabarani upepo hulipeperusha. Chumbani Dar es Salaam au Mombasa, penye unyevu mwingi, jasho linadondoka bila kukauka, na mapigo ya moyo yanapanda ingawa kazi haijaongezeka. Hewa ya chumvi nayo hutafuna vyuma, na jasho hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo lifutwe kwenye mashine kila baada ya mazoezi.

Namba za kalori kwenye kioo zisiaminiwe sana, hasa kama mashine haikuuliza hata uzito wa mtumiaji. Wati, umbali na dakika zina maana zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani yale yanayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba.

Penye watoto, usalama uamue mapema. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni nchini Marekani mashine zake za kukimbilia za Tread+ zipatazo 125,000, baada ya kifo cha mtoto mmoja na ripoti nyingi za watu na wanyama kuvutwa chini ya mkanda. Pawe na mita 2 wazi nyuma ya mashine, na ule ufunguo wa dharura unaobanwa kwenye nguo uhifadhiwe mbali na mashine ikishazimwa. Kwa anayenunua ya mtumba, ufunguo huo ndio wa kuulizia kwanza: mashine nyingi haziwaki bila huo, na wa mfano wa zamani ni shida kuupata.