Faiba ipo Sumbawanga, mbona Kasanga bado video inazunguka?

Saa mbili usiku, simu ina vistari vinne. Lakini picha ya mzigo wa dagaa anayotumiwa mteja wa Sumbawanga inazunguka tu. Bando lipo, mtandao upo, tatizo nini?

Vistari hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara. Havisemi lolote kuhusu njia iliyo nyuma ya mnara, na hapo ndipo Kasanga inapokwama.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009, unapita Sumbawanga. Kutoka hapo hadi bandari ya Kasanga ni zaidi ya kilomita 100, na njia inashuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, karibu mita 1,800, hadi ziwani, chini ya mita 800. Kuvuta waya huko ni gharama, na bado kila nyumba inahitaji waya wake. Kwenye faiba ya majumbani waya mmoja hugawiwa nyumba nyingi, mara nyingi hadi 32, kwa hiyo kampuni hutafuta mtaa wenye nyumba zilizosogeleana na wateja wa kulipa kila mwezi. Kwa kijiji cha wavuvi, ambako kipato kinafuata samaki, hesabu hiyo ni ngumu.

Ndiyo maana vijijini intaneti ya nyumbani kwa kawaida ni ya mnara. Usipofikiwa na faiba, mnara hupokea data kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, na uwezo huo wanagawana wote.

Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 vijijini. Ni hatua kubwa, ila mnara mpya usio na njia pana nyuma yake unaweza kuongeza vistari tu. Swali la kumuuliza diwani: utaunganishwa na nini?

Kabla ya kununua ruta, pima kasi saa mbili usiku, kisha saa kumi alfajiri, ukiwa palepale. Alfajiri ikikimbia na usiku ikasuasua, huo ni msongamano. Ruta ya bei kubwa haitaumaliza, jaribu laini ya mtandao mwingine. Ikisuasua nyakati zote, huenda mawimbi ni hafifu. Weka ruta kwenye dirisha linalotazama mnara, juu kidogo, mbali na bati.