Onyo la mashini si majani ya kung'oa tu



Kila mwenye telefone ya Android anatembea na kiini cha Linux mfukoni. Kiini njo ile sehemu ya programu inayoongoza mashini yenyewe: kumbukumbu, batri, kamera, rezo. Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991. Leo kina mamilioni ya mistari ya kodi, sehemu kubwa katika lugha ya C. Wanaoiandika ni watu, na watu wanakosea.

Juu ya ile, kuko programu zinazosoma kodi bila kuiendesha, sawa mwalimu anavyosoma kazi ya mwanafunzi na biki nyekundu mkononi. Moja ni sparse, iliyoanzishwa na Torvalds mwenyewe. Ingine ni Coccinelle, ilitoka Ufaransa. Ingine ni checkpatch, inayoangalia mpangilio wa maandishi na hata herufi zilizokosewa. Zikiona kitu cha mashaka, zinatoa onyo. Kusafisha maonyo hayo njo mlango ambao wageni wengi wanaingilia.

Mtu atauliza: alama moja tu ina uzito gani? Mwaka 2003 mtu asiyejulikana aliingiza mistari miwili katika nakala moja ya kodi ya Linux. Katika C, alama mbili za usawa zinalinganisha, moja inabadilisha. Yeye aliweka moja. Ukisoma haraka, unaona kodi inauliza: huyu mtumiaji ni namba 0? Kumbe ilikuwa inamfanya awe namba 0, na namba 0 njo bwana wa mashini yote. Waliigundua mapema kwa sababu nakala hiyo haikulingana na kodi ya asili.

Lakini tusikilize vizuri: onyo ni swali, si hukumu. Katika C, ukiorodhesha hali mbalimbali na ukasahau neno «break» mwisho wa moja, mashini inateremka kwenye hali inayofuata. Mara ingine mwandishi alitaka hivyo, mara ingine alisahau. Programu haiwezi kujua. Inauliza tu. Ilibidi watu wapitie kiini mahali kwa mahali, na kufika mwaka 2019 onyo hilo likawashwa kwa kiini chote. Sasa anayetaka iteremke anaandika wazi neno «fallthrough».

Na yule anayenyamazisha swali bila kulielewa? Tuone mfano wa nje ya kiini. Mwaka 2006, katika Debian, chombo kimoja kilitoa onyo juu ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri: inatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa. Mtunzaji akaondoa mistari miwili, onyo likaisha. Bahati mbaya, mmoja wa mistari hiyo njo uliokuwa unafanya funguo zisitabirike. Kwa kila aina ya ufunguo, zilizowezekana hazikufika hata 33,000, hesabu ndogo sana kwa kompyuta. Iligunduliwa mwaka 2008, na watu wakalazimika kutengeneza funguo upya.

Sisi wa agronomia tunajua hii hadithi. Katika shamba la mpunga kuko majani yanayofanana na mpunga ungali mchanga. Ukimtuma kupalia mtu asiyejua kutofautisha, jioni shamba litakuwa safi, lakini mavuno yamekwenda na majani.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu, aanze na makosa ya herufi katika maelezo. Hayabadilishi kazi ya mashini, lakini yanamsaidia atakayesoma kesho. Kisha aende kwa maonyo, badiliko moja kwa mara moja. Aeleze kwa nini anabadilisha, si nini tu. Akishindwa kueleza kwa nini, aache kwanza, arudi kusoma.

Shamba safi si lazima liwe shamba zima. Muwe na juma njema.