Je, Wajua Kwa Nini Msimbo wa Runinga Huweza Kukosa Irabu?

Umenunua runinga janja, umeiunganisha na Wi-Fi, sasa unataka kuingia kwenye akaunti yako ya YouTube. Skrini inakuletea anwani fupi ya tovuti na msimbo wa herufi chache. Unachukua simu, unafungua anwani ile na kuandika herufi zile. Runinga inafunguka yenyewe.

Utaratibu huu ulibuniwa kwa sababu kuandika nenosiri kwa rimoti ni adha tupu. Agosti 2019, IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti, iliueleza katika waraka RFC 8628. Mfano wa msimbo uliomo humo ni WDJB-MJHT. Irabu hazimo, nazo zimeachwa makusudi: waraka unapendekeza ziondolewe ili herufi zinazochaguliwa kwa kubahatisha zisije zikaunda neno. Konsonanti 20 katika nafasi 8 zinatoa michanganyiko bilioni 25.6, kisha msimbo unakufa baada ya muda mfupi. Kuubahatisha ni kazi bure. Kwangu mimi huu ni ufundi wa kuheshimiwa.

Mwanya upo nje ya mashine. Runinga inapokutuma kwenye simu, kuna hatua chache unazotembea peke yako, na tapeli amekaa hapo hapo njiani. Watu wengi hawaandiki anwani waliyoiona. Wanaandika jina la kifaa kwenye Google, kisha wanabofya la kwanza linalotokea. La kwanza mara nyingi ni tangazo, na tangazo hununuliwa na yeyote mwenye pesa.

Wateja wa Roku wameumizwa sana na mtego huu. Roku ni kampuni ya Marekani ya vifaa vya kutazamia video kwenye runinga, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Anthony Wood. Haitozi hata senti kuamilisha kifaa. Matapeli hufungua tovuti yenye rangi ya zambarau kama yake, na mtu akiandika msimbo wake, ulio sahihi kabisa, anapewa ujumbe wa hitilafu uliokwisha kuandaliwa, chini yake namba ya simu. Anayepokea ana sauti ya upole. Anadai ada ya kuamilisha, au anamwomba mtu apakue AnyDesk au TeamViewer, programu halali za kuendesha kompyuta kutoka mbali ambazo mafundi wa kweli huzitumia, kisha anaingia kwenye kompyuta ya mtu huyo hadi akaunti yake ya benki. Wenye printa mpya hukutana na mchezo huu huu.

Mwaka 2023 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipokea malalamiko zaidi ya 37,000 ya huduma bandia za kiufundi, hasara ikiwa zaidi ya dola milioni 900. Wazee ndio wanaoumia zaidi, na hilo linanichoma: wengi wao walikuwa wanataka tu kutazama runinga yao.

Anwani ina alama yake. Tazama kilicho kabla ya .com: jina la kampuni likifuatiwa na kistari na maneno mengine, mara nyingi hapo si pa kampuni hiyo. Na tapeli mwingine hugeuza mchezo: anakutumia yeye msimbo uuandike. Ukiuandika, kifaa chake ndicho kinachoingia kwenye akaunti yako. Msimbo wa kuandika ni ule unaouona kwenye skrini yako tu.

Ukishauandika mahali sahihi, seva inaujua mara moja. Runinga nayo inaiuliza seva, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, kama tayari umeidhinisha. Katika safari hiyo yote, kutoka sebuleni hadi kwenye seva na kurudi, hakuna hatua hata moja inayohitaji mtu wa kupigiwa simu.